Mikorosho ya Baba Mdogo

Kila asubuhi kabla ya shule, Natalia alimwagilia miche ya mikorosho shambani kwao Fukayosi. Hakulalamika hata siku moja. Baba yake alipofariki, mama alimwazima baba mdogo Sixbert shamba hilo alime muhogo, naye ndiye aliyeleta miche. "Hii ndiyo itakayokusomesha sekondari, mwanangu," alimwambia Natalia walipokuwa wakiipanda. Natalia alimwamini. Angeachaje kumwamini mtu mwenye sura ya baba yake?

Sasa sikilizeni desturi ya huku. Ukiazimwa shamba, utapanda muhogo, mahindi au ufuta. Mti hupandi. Ukipanda mti na mwenye shamba akanyamaza, umeshatangaza kuwa shamba ni lako. Mama yake Natalia alikuwa mtu wa bara, hakulijua hilo. Sixbert alilijua vizuri sana.

Mvua za vuli zilipoanza, mama alikwenda na jembe lake, akazuiwa shambani. "Shemeji, hapa pana mikorosho yangu," Sixbert alimwambia. "Tafuteni pengine."

Natalia alilia mpaka sauti ikamkauka. Kumbe mashimo yale ya miche alikuwa akijichimbia mwenyewe! Hilo lilimuuma kuliko shamba lenyewe.

Jumamosi, kwenye mafundisho ya kipaimara, katekista Tarcis alieleza habari za nabii Ezekieli. Waisraeli walikuwa uhamishoni, wamepoteza nchi yao, na nabii akawaahidi kwamba Mungu atawarudisha na kuwagawia urithi wao upya.

"Hata mtawala alikatazwa kuwanyang'anya watu urithi," katekista alisema. "Wanawe awarithishe mali yake mwenyewe."

Natalia akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama si mtawala? Kama ni baba mdogo?"

Wenzake wakacheka. Katekista hakucheka. Alimwambia abaki, akamsikiliza mpaka mwisho.

Kesho yake baada ya ibada, katekista alimchukua Mzee Msabaha, mwenyekiti wa kitongoji, wakaenda shambani pamoja na Natalia na mama yake.

"Shikamoo, baba mdogo," Natalia alisema. Sixbert hakuitikia.

"Mimi sikuiba, mwenyekiti," alisema. "Muulize huyo mtoto, tulipanda pamoja. Yeye ndiye mrithi wa kaka. Kama hakutaka, angekataa."

"Kwa hiyo ruhusa ya kupanda ilikuwa yake?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi mwenye shamba umemtaja mwenyewe," alisema Mzee Msabaha. "Natalia, uliambiwa miti hii ni ya nani?"

Natalia alimgeukia Sixbert. "Yangu, ya kunisomesha. Baba mdogo, si uliniambia hivyo?"

Sixbert aliinamisha kichwa.

"Haya, vuna muhogo wako uondoke," Mzee Msabaha akaamua. "Shamba na miti ni vya mtoto na mama yake."

Mama alishukuru sana. Katekista aliwasindikiza mpaka karibu na nyumbani.

"Mwalimu," Natalia alisema, "mimi nilimpenda baba mdogo."

"Najua," katekista akamjibu. "Shamba limerudi leo, lakini hilo la moyoni litachelewa. Mungu hurudisha urithi wa mnyonge, mwanangu, ila hutaka watu wa kusema kweli. Ukidhulumiwa, usinyamaze. Na siku yatima atakapokuamini wewe, usimgeuke."