Tumbo la Sponji

Duka la vitambaa lilifurika watu asubuhi ile, wakipigana vikumbo kugombea majora mapya. Katikati yao alisimama Pindo, gauni pana la samawati mwilini, mkono kiunoni kama wafanyavyo wajawazito. Jina hilo alipewa na wateja, maana hakuna fundi cherehani aliyekunja pindo la nguo likanyooka kama yeye. Aligeuka atafute njia ya kutokea, akakutana uso kwa uso na mumewe.

Hawakuwa wameonana wiki kumi, tangu Pindo alipohamia kwa dada yake. Mumewe, fundi bomba wa watu, alikuwa amekonda, na kola yake imefumuka. Macho yake yalishuka kwenye tumbo la mkewe, yakaganda hapo. Alijua fika kwamba humo hamna kitu. Mtoto wao alizaliwa mfu, mimba ikiwa ya miezi mitano.

Mwenye duka, mama mchangamfu asiyejua kunong'ona, alimpongeza mbele ya wateja wote, akauliza ni mwezi wa ngapi sasa. Pindo alitamani ardhi ipasuke immeze. Alingoja mumewe amuumbue.

"Anakaribia wa nane," akasema fundi bomba. Akampokea mkewe mfuko wa vitambaa, akamtoa nje taratibu.

Huko nje Pindo aliunyakua mfuko wake, akaondoka mbio bila hata kuaga.

Mambo yalianza kwa neno moja. Siku aliporudi kibandani kwake pa kushonea kutoka hospitali, mteja alimuuliza kama mtoto anacheza, naye akajibu anacheza. Angesemaje? Wateja walikuwa wameshamletea soksi na vikofia, na yeye aliona mwili wake umemwaibisha mbele yao. Basi alikata sponji la godoro, akalishonea ukanda wa lastiki, na kila wiki ya pili akaliongeza unene. Dada yake hakujua, kwa kuwa alilivaa kibandani na kulivua kibandani. Sasa zilibaki wiki chache watu waanze kuulizia mtoto, na mtoto hana.

Jioni simu ikaita; alikuwa mumewe.

"Usikate, Pindo. Sikupigii kukusuta."

"Basi cheka umalize."

"Nicheke nini? Nimetafuta mshono sijauona. Kweli nimeoa fundi."

Kicheko kilimtoka Pindo bila kupenda, kikageuka kilio. Ndipo akatoa la moyoni. Alisema anajua mumewe anamwonea haya, ndiyo maana mumewe huyo alikwenda na kaka yake kumzika mtoto wakati Pindo amelala kwa dawa, hata sura ya mtoto asiione.

"Nilidhani nakupunguzia uchungu," mumewe akasema. "Kumbe nilikunyang'anya. Nikashindwa hata kukufuata kwa dada yako, mpenzi wangu, kwa aibu."

Akamweleza kuwa zahanati iliyo jirani na kibanda cha Pindo ina chumba ambamo kila Alhamisi mkunga mmoja mstaafu hukutana na waliofiwa na watoto wachanga, au waliowapoteza kabla hawajazaliwa. Alikuwa akienda mwezi wa pili sasa, akizungukia nyuma wasikutane, mwanamume peke yake kati ya wanawake tisa. Ameshawatengenezea sinki na mabomba yote, kwani akikaa bure analia.

"Njoo Alhamisi."

"Nije na tumbo hili?"

"Kama huwezi kuja bila hilo, njoo nalo."

Akaenda nalo, maana njia ilipita mbele ya wateja wake. Alipoingia, wote waligeuka. Dada mmoja kijana alilitazama lile tumbo, akabeba mkoba wake na kuelekea mlangoni. Pindo akaelewa amefanya nini. Aibu aliyokuwa nayo mwanzo haikuwa kitu mbele ya hii.

"Kaa, mdogo wangu," alisema. "Humu hamna mtoto."

Akapenyeza mkono chini ya gauni, akafungua lastiki, akaliweka sponji mezani. Hakuna aliyecheka.

"Nadanganya watu wiki ya kumi hii. Sikujua niwaambie nini."

Yule dada alirudi, akaketi karibu naye. Alisema yeye alijifungia ndani miezi minne, majirani wakiambiwa kasafiri. Mkunga alimsogezea Pindo glasi ya maji, akamuuliza angependa nini siku ile. Pindo alimgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama kando ya sinki. Wiki zote hizo hakuwahi kuuliza.

"Alikuwa nani?"

"Msichana." Fundi bomba alimshika mkono. "Vidole virefu kama vyako. Nilivishika kimoja kimoja."

Pindo alilia mpaka akachoka, mumewe kamkumbatia, wanawake wamemzunguka.

"Nipeleke kwake," akasema.

"Kesho asubuhi nitaomba ruhusa ka..."

"Sasa hivi."

Wakatoka wameshikana mikono, sponji wakaliacha palepale. Mbele ya kibanda mteja mmoja alikuwa akimngoja. Aliliona gauni limelegea, akauliza kulikoni.

Uso wa Pindo ukawaka kwa haya. Hakuuachia mkono wa mumewe.

"Binti yangu alifariki," alisema. "Huyu ndiye baba yake. Tunakwenda kumwona."