Picha Isiyotumwa

Narmin alidhani ni hitilafu tu. Studio yao ya picha ya Makorora ilikuwa imeanza kupokea picha kwa tovuti, mambo mapya ya enzi za soko huria: jamaa walioko Maskati wanatuma, yeye anachapa, ndugu wanakuja kuchukua. Programu aliiandika mwenyewe, na alijisifu mpaka majirani wakamchoka. Kila faili likiingia, kigeu cha $_FILES, yaani kisanduku cha taarifa ndani ya programu, kilimweleza jina lake, aina, ukubwa, namba ya kosa, na mahali lilipowekwa kwa muda. Programu ikalihamishia kwenye folda ya kudumu, kisha ikajibu: "Karibu."

Adhuhuri moja liliingia faili la ukubwa sifuri, kosa namba nne, yaani hakuna kilichotumwa. Jina: Sukaina. Ndilo jina la bintiye mdogo, aliyekuwa amelala chumba cha nyuma. Narmin akalifungua. Ilikuwa picha ya kitanda cha mtoto.

Akalifuta. Kesho yake, jua la utosini, likarudi, na mlangoni mwa kile chumba pichani alisimama mtu mrefu ambaye miguu yake haikugusa sakafu. Siku hiyo Sukaina akashikwa na homa. Narmin akang'oa waya wa simu ulioleta intaneti, na harufu ya udi ambao hakuna aliyeufukiza ikatoka nyuma ya kompyuta, ikajaa dukani, faili likaingia vilevile, na safari hii yule mtu alikuwa ameketi kitandani, kiganja chake kwenye paji la uso la mtoto.

Aliogopa mno. Akamwita Bibi Mwanasiti, mganga wa Kigombe.

"Nani kamkaribisha?" bibi alinong'ona.

"Hakuna, bibi."

"Hodi ya adhuhuri haiitikiwi mpaka umwone mtu. Nani kaitika?"

Narmin akaitazama kompyuta. "Programu yangu. Inamwitikia kila ajaye, inamwingiza ndani."

"Basi mwache kizingitini, mwanangu."

Narmin akaufuta mstari wa kuhamisha, na lile neno la karibu. Faili lisilohamishwa hufutika lenyewe kazi ikiisha. Bibi akasoma Ayatul Kursiy, akapuliza pande zote. Faili likaja, likakaa kidogo, likatoweka. Homa ikashuka. Narmin akalia kwa furaha, akambusu bibi mikono.

Adhuhuri iliyofuata kompyuta ilikuwa kimya. Narmin alikuwa akikata picha za harusi aliposikia mlango wa uani ukigongwa, taratibu, kisha sauti ya Sukaina, kwa adabu aliyofunzwa ya kupokea wageni:

"Karibu. Kaa palepale pako."