Alama Chini ya Mkate

Watu walimwita Pilipili, na si kwa sababu alipenda kuila. Alikuwa mwanamke fundi wa nguo, mwenye chumba kimoja cha cherehani nyuma ya stendi ya mabasi, na mteja aliyethubutu kumwambia "harakisha kidogo" alirudishiwa kitambaa chake hapo hapo, kikiwa bado kimekunjwa. Siku moja sindano ya cherehani ilipita katikati ya kidole chake cha shahada ikatokea upande wa pili. Alichofanya ni kuitukana ile sindano, akaichomoa, akamaliza pindo. Kidole kilipona kikabaki na kovu gumu la duara, kama kifungo kidogo cha shati.

Jioni hiyo alikuwa anatoka kupeleka mapazia kwenye nyumba moja nje ya mji. Mwenye nyumba alipima madirisha yake mwenyewe, akakosea, kisha lawama zote akamtupia fundi. Kwa hiyo Pilipili alirudi kwa miguu, rula ya mbao kwapani, akizungumza peke yake maneno ambayo hayafai kuandikwa. Jua lilikuwa linakaribia kuzama na tumbo lilikuwa tupu tangu asubuhi.

Ndipo harufu ya mkate ikamfikia.

Mbele, kando ya barabara, palikuwa na kibanda cha mbao chenye paa la bati. Nyuma yake lilianza shamba la mahindi, na katikati ya mahindi palionekana banda refu linalofuka moshi. Mezani mikate ilipangwa juu ya kitambaa cheupe. Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijivu, amekaa kimya, mikono mapajani.

"Ya moto," alinong'ona. "Imetoka sasa hivi."

Pilipili alichukua mmoja, akaugeuza chini juu.

Hakuna mtu anayegeuza mkate hivyo kabla ya kuununua, isipokuwa watoto wa mama yake. Mama yao alioka mikate miaka arobaini, na kila mkate kabla haujaingia tanurini aliubonyeza chini kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidole hicho kilipasuliwa na kisu akiwa msichana, ukucha na nyama, kikapona kikiwa vipande viwili. Alama yake ilikuwa vishimo viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu. Walipokuwa wadogo, Pilipili na kaka yake walipigana ngumi kugombea mkate wenye alama iliyozama zaidi, maana nyumba ile Mungu aliigawia hasira bila upendeleo.

Vishimo vilikuwepo.

Viwili.

Ubavu kwa ubavu...

Na mama yao walikuwa wamemzika miezi minane iliyopita.

Mtu mwingine angeogopa. Pilipili alichemka. Alichofikiri kwanza ni kwamba kuna mwizi aliyechonga kijiti akaiga alama ya marehemu ili auzie wapita njia. Alinyanyua uso amwambie yule mwanamke maneno ya kumtosha mwaka mzima, na hapo ndipo akakitambua kile kilemba.

Alikiona siku ya tatu ya msiba.

Siku hiyo Pilipili alikuwa jikoni kwa mama yake, anamalizia hasira kwenye masufuria. Alikuwa na hasira na kila kitu, na zaidi na marehemu. Walikuwa wamegombana, hawakusemeshana miezi miwili, na mama akafa bila kumwita. Ugomvi wenyewe ulihusu donge. Kila siku mama alibakiza donge la kinyunya, unga uliokwisha kuumuka, kwenye chungu chenye mdomo uliomeguka, na donge hilo ndilo lililoumua unga wa kesho yake. Alitaka Pilipili, binti yake, alirithi donge hilo. Binti akasema hakuzaliwa azeekee kwenye unga. "Basi angalau nikifa," mama alimwambia, "litieni motoni mlile wenyewe, ninyi wanangu wawili. Lisitoke nje. Mikono yangu imo humo." Pilipili alicheka. Yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho.

Kisha ikaja siku ya tatu, na mwanamke mgeni mwenye kilemba cha kijivu akaingia jikoni, akasaidia kuosha vyombo, akaomba kwa sauti ndogo apewe lile donge, awe anamkumbuka marehemu. Pilipili hata hakugeuka.

"Chukua, mama. Chukua na chungu chake. Nisikione tena hapa."

Sasa, pale kibandani, walitazamana.

"Unanikumbuka," yule mwanamke alisema. Wala hakuuliza.

"Umefanya nini na donge la mama yangu?"

"Nimelitunza. Si ulinipa mwenyewe?"

Upepo uliingia kwenye mahindi, ukatulia. Ndipo Pilipili akasikia sauti ikitoka kwenye lile banda.

Pu. Pu. Pu... kwaruu.

Pu. Pu. Pu... kwaruu.

Ngumi tatu, kisha kiganja kinakwangua meza. Alilala na kuamka na mlio huo utoto wake wote. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekanda unga namna ile.

"Nani yuko huko?"

Mwanamke alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Ingia tu. Mikono huwa haitoshi."

Pilipili aliushika ule mkate mkononi, rula mkono wa pili, akaingia kwenye mahindi akikata njia. Majani yalimkwaruza mashavu, naye akayapiga kwa rula kana kwamba nayo yana kesi. Alijiapiza kwamba kinachomsukuma ni hasira tupu. Nusu yake ilikuwa kweli.

Mlango wa banda ulikuwa wazi. Joto lilimpiga usoni. Ilinuka mkate, harufu nzuri kabisa ya asubuhi ya likizo, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine... ya udongo mbichi, uliotoka kuchimbwa.

Kulikuwa na meza ndefu iliyogusa ukuta. Mtu alisimama ameupa mlango mgongo, anakanda.

Pilipili aliliangalia gauni. Jeupe, lenye pindo pana. Alilishona yeye usiku wa kuamkia mazishi, na kwa sababu machozi yalimziba macho, mshono wa bega la kushoto ulikwenda upande. Katika maisha yake ya ufundi huo ndio mshono pekee aliowahi kuuacha umepinda.

Bega la kushoto lilikuwa limepinda.

"Mama..."

Pu. Pu. Pu. Kwaruu.

"Mama, ni mimi. Twende nyumbani."

Mikono haikusimama. Ilikuwa imekonda, na unga ulikuwa umeganda hadi kwenye viwiko. Kichwa kiliinama kidogo, kama zamani alipokuwa anasikiliza huku anafanya kazi. Kisha ikatoka sauti kavu, ndogo, inayojikokota.

"Nimechoka, mwanangu."

Maneno mawili tu. Katika miaka arobaini ya kuamka alfajiri mama yake hakuwahi kuyasema, hata siku za homa. Alimchukia yule mwanamke wa kilemba kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Akajichukia mwenyewe zaidi, yeye na mdomo wake, yeye na ile "chukua na chungu chake". Angeweza kulichoma banda lile kwa macho.

Alikiona chungu kwenye kona. Kilikuwa kimefukiwa sakafuni hadi shingoni, ule mdomo uliomeguka ukitokeza juu. Ndani donge liliumuka na kushuka, likaumuka tena... taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Alitupa rula na mkate, akapiga magoti, akashika mdomo wa chungu akavuta kwa nguvu zake zote. Hakikusogea hata kidogo.

"Kuna mwiko," sauti ya mama ilisema kutoka kwenye meza. "Tumia mwiko. Usitie mkono."

"Uko wapi huo mwiko?"

"Mlangoni. Usitie mkono, mwanangu... nisikilize..."

Mlangoni. Hatua nane. Lakini mama alikuwa bado anakanda, na ngumi zake zilikuwa zinaanza kwenda haraka zaidi, pu pu pu pu, kana kwamba kuna mtu anamhimiza, na Pilipili hakuwahi kumsikiliza mtu yeyote tangu kuzaliwa. Alikunja mkono wa gauni.

Akatia mkono.

Kinyunya kilikuwa cha vuguvugu.

Kikambana vidole. Kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayehesabu.

Alipiga kelele, akakaza mguu ukutani, akavuta hadi bega likalia. Mkono ulitoka na donge kubwa la ngumi nzima. Hakungoja. Alikimbia mahindini, donge kalikumbatia kifuani, akatokea barabarani akiwa amepoteza kiatu kimoja. Alitazamia yule mwanamke amkamate. Alitaka hata amkamate, apate mtu wa kumpiga.

Mwanamke alikuwa anapanga mikate. Hakunyanyua uso.

"Asante," alinong'ona.

Neno hilo lilimsumbua Pilipili njia nzima. Lakini kazi ilikuwa mbele yake. Alimkuta kaka yake, dereva wa lori, nyumbani kwa mama, akamweleza yote kwa pumzi moja. Kaka hakumwita mwongo. Aliuliza tu banda liko wapi, akaanza kutafuta panga.

"Panga baadaye," Pilipili alisema. "Kwanza washa tanuri."

Waliliingiza donge motoni, wakakaa chini mbele ya mlango wa tanuri wakisubiri kama enzi zile. Walipolikata, walikula lote, hadi chembe za sakafuni. Lilikuwa chungu, gumu, na lina mchanga. Kaka alitafuna huku machozi yanamtiririka, akasema mama angeona aibu kuuza kitu kama hiki, wakacheka hadi wakalia tena. Ule mlio wa ngumi tatu na mkwaruzo, uliokuwa ukimfuata Pilipili masikioni tangu mahindini, ulinyamaza alipomeza tonge la mwisho. Alijua mama amepumzika. Hakuna aliyemwambia. Alijua tu.

Asubuhi yake kaka alikwenda na panga. Alikuta mahindi. Hapakuwa na kibanda, wala banda, wala moshi.

Zikapita wiki sita. Pilipili alirudi kwenye cherehani, ingawa wateja walisema amepoa, na wengine walisikitika. Aliamka kila siku amechoka, viwiko vinauma. Mara mbili alikuta kitu cheupe kimekauka chini ya kucha. Alisema ni chaki ya kuchorea nguo.

Kisha mchana mmoja kaka yake aliegesha lori nje, akaingia na mkate umefungwa kwenye gazeti. Aliuweka juu ya meza ya kukatia, akaugeuza chini juu.

Hapakuwa na vishimo viwili. Palikuwa na alama moja ya kidole chembamba, na katikati yake kiduara, kama kifungo kidogo cha shati.

"Umeupata wapi?" Pilipili alinong'ona.

"Barabara ya kaskazini. Mwendo wa saa nne kutoka hapa. Kibanda kile kile, kilemba kile kile." "Niliingia hadi mlangoni, dada. Nilimwona mkandaji kwa mgongo. Gauni la bluu. Kama hilo."

Pilipili aliliangalia gauni lake.

"Lini?"

"Leo. Asubuhi hii."

"Asubuhi hii nilikuwa hapa! Tangu jua halijatoka niko kwenye hili cherehani. Nimeshona sare kumi na mbili, tazama!"

Alivuta sare ya juu kabisa kwenye lundo, akaikung'uta mbele ya kaka yake. Mikono ya shati ilianguka sakafuni. Kola ikafuata. Alivuta ya pili, ikaachana vipande hewani. Kwenye kila pindo palikuwa na matundu ya sindano, yamepangwa vizuri, yamenyooka, mamia kwa mamia.

Hapakuwa na uzi hata mmoja.

Alikaa.

"Alikuwa anakandaje?" aliuliza baadaye. "Yule wa huko."

"Kwa hasira," kaka alisema. "Kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Mwanamke wa kilemba anasema hajawahi kupata mikono mizuri hivyo."

Pilipili aliukamata mkono wa kaka yake. Vidole vya Pilipili vilikuwa vya vuguvugu, na laini kupita kiasi, kama kinyunya.

"Nisikilize. Utakwenda na mwiko. Utachota donge kwa mwiko, uje ulioke ulile. Nikikwambia kitu kule ndani, nisikilize. Usitie mkono. Umesikia? Usitie mkono."

"Nimesikia," kaka alisema.

Lakini hakuwa anamtazama. Alikuwa anautazama ule mkate, taya limekaza, mshipa wa shingo umesimama. Na mikono yake miwili, polepole, ilikuwa tayari inakunja mikono ya shati.