Pacha Mmoja Alipata, Mwingine Akakosa

Kila siku Maren Lindqvist aliamka alfajiri kwenda kuoka mikate katika mji wa Duluth, Marekani. Pacha wake, Kirsten, alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tangu Januari 2020, kila mmoja alikuwa na chumba chake cha kupanga. Jumapili walikula samaki kwa baba yao, Roy.

Kisha korona ikaingia. Serikali ikatangaza msaada wa dola 1,200 kwa kila mtu mzima mwenye kipato cha kawaida. Mwezi wa Aprili, Maren akapata. Kirsten akasubiri. Mei ikapita, Juni ikapita.

Jumapili moja Kirsten alimkuta Maren akimwonyesha baba picha ya kitanda alichonunua. Moyo ukamchoma.

"Mimi ndiye navaa barakoa kutwa nzima, nahudumia wazee wanaokohoa," alisema. "Wewe unakanda unga tu, ndiye unapewa."

"Unga tu? Mkate unaokula huwa unadondoka kutoka mbinguni?"

"Tumezaliwa siku moja, jina la ukoo ni moja. Labda umechukua na zangu."

Maren akaweka uma mezani. "Umeniita mwizi?"

Maren akachukua koti lake, akaondoka.

Septemba, siku yao ya kuzaliwa, kila mmoja alikata keki yake peke yake. Haikuwa imewahi kutokea. Kirsten akawa anavuka barabara asipite mbele ya duka la mikate. Siku moja alimwona Maren kupitia kioo, anacheka na wateja. Akajua anachekwa yeye. Januari 2021 msaada wa pili wa dola 600 ulipotoka, Maren akapata tena, Kirsten akakosa tena.

Mwezi wa pili alisikia kwamba maktabani watu wanasaidiwa bure kujaza fomu za kodi. Alimkuta Bwana Virgil Aho, karani mstaafu wa posta, amekaa nyuma ya pazia la plastiki.

"Pacha wangu amepata mara mbili, mimi hata mara moja," Kirsten alisema. "Kuna mtu amekula pesa zangu."

"Kabla hujamfunga mtu, binti, niambie. Mwaka 2019 ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa chuoni. Nilimaliza Desemba."

"Uliishi wapi? Nani alikulipia?"

"Niliishi kwa baba. Yeye ndiye alilipa karo na chakula."

"Na pacha wako?"

"Alikuwa anaoka mikate. Anajitegemea tangu ana miaka kumi na tisa."

"Basi ni hapo. Baba yako alikuandika kwenye fomu yake ya kodi kuwa wewe ni mtegemezi wake. Hakukosea, ulikuwa mwanafunzi wa chini ya miaka ishirini na nne. Pacha wako alijaza fomu yake mwenyewe. Serikali ilitazama fomu za 2019, na mtu mzima aliyeandikwa mtegemezi hapewi msaada."

"Kwa hiyo baba ndiye amepata zangu?"

"Naye hakupata kwa ajili yako. Nyongeza ya mzazi ilikuwa ya watoto wa chini ya miaka kumi na saba."

Uso ukamwaka moto. "Maren hakuchukua kitu?"

"Hata senti."

"Basi nimekosa kabisa?"

"Hapana. Msaada huu kwa kweli ni wa mwaka 2020, na mwaka huo hukusoma. Ulifanya kazi, ukajilipia kila kitu. Jaza fomu yako. Andika kuwa hujaolewa, na kuwa hakuna anayeweza kukuandika mtegemezi wake. Kisha hapa, kwenye mstari huu, dai msaada wote ulioukosa. Lakini mwambie baba asikuandike tena. Akikuandika, fomu zenu zitagongana na pesa zitakwama."

Jioni ile alikwenda kwa Roy. "Baba, mwaka huu usiniandike kwenye fomu yako."

Roy akavua miwani. "Tangu uzaliwe nimekuandika. Sasa wewe si mwanangu?"

"Ni mwanao, baba. Fomu inauliza nani ananilisha. Haiulizi nani alinizaa."

Roy akacheka kidogo, huku anafuta macho.

Kesho yake Kirsten aliingia dukani kwa Maren. "Nilikuita mwizi. Nisamehe."

Maren alifuta mikono. "Mimi nimekuonea wivu miaka mitatu. Baba analipa karo yako, mimi naungua mikono kwenye tanuri. Ulipokosa zile pesa, nilifurahi. Kile kitanda nilikionyesha makusudi."

"Makusudi?"

"Makusudi kabisa."

Kirsten alitaka kukasirika, akashindwa. Akaangua kicheko.

Aprili Kirsten akampigia Maren simu. "Zimefika! Elfu moja na mia nane."

"Na mimi, kwa zile mara mbili, jumla ilikuwa hiyo hiyo."

"Sawasawa?"

"Hakuna aliyemzidi mwenzake hata senti. Njoo ule, mkate bado wa moto."