Kauli ya Mwanahawa

Asubuhi ile Pili alikuwa uani akimenya ndizi za mchana, jua limeshakolea juu ya Matombo, na ndani mjomba wake Kondo amelala. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wenye fedha wa mjini walipoanza kupanda Uluguru kutafuta mashamba. Mmoja wao, Leonard, alilitaka la kwao, lile lenye mikarafuu. Lakini kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama. Bila kauli ya Mwanahawa, mama yake Pili, halikuuzika. Mwanahawa akafa ghafla, Kondo peke yake akiwa chumbani, na Kondo huyo huyo akatoka akisema, "Dada amekubali."

Pili hakumwamini hata chembe. Ila kabla wazee wa ukoo hawajakaa kuliamua, Kondo alianguka. Daktari wa mjini alieleza kwamba damu ilivuja ndani kabisa ya ubongo.

"Atarudia mnachomwambia," alisema. "Kuanzisha neno lake mwenyewe hawezi."

Ikawa hivyo. Ukisema shikamoo, naye shikamoo. Ukisema uji, naye uji. Mikono ndiyo haikuinuka tena.

Basi pale uani Pili akasikia sauti ya mjomba ikitoka chumbani.

"Kondo, ondoa mto."

Kisu kikamponyoka. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Kaka, nakufa. Ondoa mto."

Akaingia. Kondo alikuwa amekikodolea macho kigoda cha kando ya kitanda. Kigoda kitupu. Jasho lilimtiririka. Pili akaelewa mama yake alikufaje, na ni nani aliyekuwa akimsemesha mjomba. Aliogopa, lakini chuki ilizidi.

Alasiri Leonard alifika na wazee. Habari za ule ugonjwa wa kurudia maneno alikuwa nazo kuliko wazee, na mjanja alikuwa mjanja kweli. Akainama kitandani.

"Mzee, sema: dada alikubali."

"Dada alikubali."

"Haya, kauli imetoka," alisema Mzee Dadi, mkubwa wa ukoo.

Pili aliliona shamba likienda hivi hivi. Kisha Kondo akageuza macho kwenye kigoda.

"Sikukubali."

Leonard akarudi nyuma hatua moja.

"Sikukubali. Aliniziba pumzi kwa mto."

Leonard hakuaga. Wazee walitoka wakikanyagana, na habari ya kuuza shamba ikafa pale pale.

Pili alibaki mlangoni. Kondo alikuwa akilia, amekaza midomo isifunguke. Ikafunguka.

"Pili, mwanangu. Mletee kaka yangu mto."

Macho yake yalimsihi asilete.

Akaleta. Aliuweka miguuni pake, taratibu, akatoka, akafunga mlango.

Aliporudi, mto ulikuwa usoni. Kondo hakuwa na pumzi. Pili hakutoa hata chozi. Alikigusa kigoda.

Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.