Mteremko wa Mama Paskazia

— Chenge, hiki ni nini?

Nyuma ya nyumba yao, Ng'washi alikuwa ameshika kikonyo kibichi chenye majani matatu. Sebuleni, wazee wa pande mbili walikuwa wanasubiri kuanza kikao cha mahari.

— Ni jani, alijibu Chenge.

Kwa heshima zote, lilikuwa jani kweli.

Mwaka 1996 hoteli mpya ya Pasiansi ilileta kutoka nje ua la njano linalotambaa. Chenge, mtunza bustani wa hoteli hiyo, alificha vipande mfukoni, akampandia mchumba wake kwenye mteremko wenye kivuli, nyuma ya kwao. Ng'washi alilia kwa furaha. Baada ya masika mawili, ua lilikuwa limemeza katani pori yote ambayo mama yake Ng'washi, Paskazia, alisokotea kamba. Mama akatoa sharti moja: ling'olewe lote, katani irudi, ndipo ng'ombe watajwe.

Chenge alimwandikia Ng'washi, aliyekuwa akifundisha Buhongwa: "Nimechimba wiki tatu. Nimetoa mpaka mzizi wa mwisho."

Jana mvua ilinyesha. Leo ua lilikuwa limechipua mteremko mzima.

— Ulichimba?

— Nilianza.

— Ulifyeka, ukafukia.

Aling'oa katani iliyokuwa karibu. Ilitoka bila ubishi: jani tupu, limechomekwa kama mshumaa kwenye keki.

— Halina hata mzizi. Umemchomekea mama yangu majani, Chenge?

— Punguza sauti, wazee wanasikia.

— Wasikie. Hapa umefukia ua. Tukioana utafukia nini?



Ng'washi aliingia sebuleni, akapiga goti.

— Shikamooni, baba zangu. Leo hakuna mahari.

Mzee Shimba, mjomba wa Chenge, aliuliza kwa huzuni kubwa kama pilau nalo limeahirishwa.

Kesho yake Chenge alirudi na jembe. Alichimba kati ya mawe, akafuata kila mzizi kwa vidole, akachoma kila kipande, akapanda katani yenye mizizi aliyoitafuta kwenye vilima vya Ilemela. Siku tisa Ng'washi, aliyekuwa likizo, alimtazama dirishani, mikono kifuani, bila kumpa hata maji.

Siku ya kumi alishuka na jembe lake. Chenge akatabasamu, akanyoosha mkono.

— Usinishike, alisema Ng'washi. Bado nina hasira. Shika huo mzizi, mimi nitavuta huku.