Tembo Aliyeungwa Shingo

Chumba kilinuka matope ya mto, ilhali kitongoji kizima cha Amherst kililala chini ya theluji. Nsimire alinusa mashuka, akanusa zulia, kisha akamkaribia tembo wa udongo mezani. Alikuwa mdogo kama ngumi ya mtoto, mwenye mng'ao wa kijani, kazi ya matanuru ya kale ya Thailand. Harufu ilitoka shingoni, pale Nsimire alipombandika kwa gundi.

Alidhani anatenda wema. Alimkuta tembo huyo kwenye droo ya bibi Mthai ambaye Nsimire aliajiriwa kumtunza, mwili huku, kichwa kule, akamwonea huruma. Hakuuliza. Tangu hapo bibi hakuacha kukohoa.

"Nani amemuunga?" bibi alinong'ona kitandani, alipomwona tembo.

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Nilifikiri amevunjika tu."

"Alivunjwa. Nilikuwa mtoto, kikohozi kinaniua. Mama yangu akakifungia humo, akamkata shingo kisipate njia ya kurudi." Akakohoa, na tembo naye akakohoa. "Aliyeunga ndiye avunje. Tembo atakuuliza mgonjwa ni nani. Taja jina langu, kifungwe humo tena; ukitaja lingine, kitahamia kwa mwenye jina hilo."

Nsimire alimshika tembo kwa mikono miwili, na udongo ulikuwa na joto kama shavu la mwenye homa, na ndani ya lile tumbo tupu pumzi ilikuwa ikikwaruza, ikipanda, ikisogea hadi chini ya vidole vyake, hata akasikia, kwa Kiswahili kilekile cha kwao Bukavu, sauti ya kubembeleza ikiuliza:

"Mugonjwa ni nani?"

Bibi alikuwa na umri wa kumzaa. Ulimi wa Nsimire, uliofundishwa adabu tangu utotoni, ukakataa kumtaja mkubwa kwa jina tupu.

"Ni mama," akasema, akavunja.

Kikohozi kikakatika. Bibi akavuta pumzi ndefu, akasinzia. Nsimire akalia kwa faraja.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa mumewe, Bagula, akiwa nyumbani kwao North Buffalo.

"Nsimire, rudia nyumbani mbio! Mama anakohoa. Bon, ile haiko kikohozi ya mutoto."

Hakuuliza mama yupi. Binti yao Alliance alipewa pia jina la marehemu mama yake Nsimire, na kwa desturi yao hakuna aliyemwita vingine nyumbani ila Mama.

Bibi alilala kwa amani, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Nsimire alisimama akimtazama, akajikuta anatamani kumsikia akikohoa.